Tupeane uzoefu: gari lako ulilisafishaje wakati wa korona?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Juzi kaja mtu kuangalia gari langu, naliuza. Kazunguka nje, karidhika, kafungua mlango, kashika usukani, kimya. Halafu: "Hili limetembea kilomita ngapi, kweli?" Usukani umechunika upande mzima wa kulia, unamwachia magamba meusi kiganjani. Kilomita ni chache. Kilichoutafuna ni blichi. WHO ilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na wiki hiyo hiyo nikaanza kukoroga blichi kwa kukadiria, napangusa nikiingia, napangusa nikitoka. Kiti cha dereva nacho kina baka jeupe lenye umbo la mkono wangu. Nani mwingine? Na mliopona bila kuharibu kitu, semeni mlifanyaje.

Jibu la 1
Pole mkuu, ila nimecheka. Yangu ilikuwa skrini. Niliipiga dawa ya vioo yenye amonia, baada ya muda ule utando wa kuzuia mng'ao ukaanza kubanduka madoa madoa; jua likipiga sioni kitu. Swichi za madirisha nilizipulizia moja kwa moja, maji yakaingia, dirisha la nyuma likawa linashuka likijisikia. Siku hizi napulizia kitambaa, sipulizii gari.

Jibu la 2
Mimi niliendesha teksi kipindi chote kile. Mwanzoni mbwembwe tupu: abiria akishuka, pulizia kila kitu, futa papo hapo, pakia mwingine. Siku moja abiria, mtu wa maabara kwa maelezo yake, akaniambia, "Kaka, hiyo spiriti unaifuta kabla haijafanya kazi." Alkoholi ya asilimia 70 inatakiwa iache sehemu imelowana kwa muda, mimi nilihesabu polepole mpaka sitini. Na ukiipaka juu ya vumbi na jasho, umehamisha uchafu tu. Basi asubuhi na jioni ikawa sabuni kidogo kwenye maji, kitambaa kimekamuliwa hasa. Kirusi kile kimevaa ganda la mafuta, sabuni inalivunja. Kati ya safari napita vitasa, swichi za madirisha na kifungio cha mkanda. Hicho kifungio wengi walikisahau, na hakuna abiria asiyekishika. Paa sikuligusa kabisa. Nani anapapasa paa?

La muhimu kwangu lilikuwa hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walipima kwa kompyuta: dereva yuko mbele, abiria nyuma upande wa pili. Kama huwezi kufungua madirisha yote, yale mawili ambayo hakuna aliyekaa karibu nayo yanasaidia kuliko kila mtu kufungua la kwake. Hewa inakatiza katikati yenu kama pazia. Kwa usukani wa kulia ni la mbele kushoto na la nyuma kulia. Na kiyoyozi kisiwe kwenye kuzungusha hewa ya ndani.

Jibu la 3
Nesi hapa. Viatu vya wodini kwenye ndoo ya mfuniko ndani ya buti la gari, sare kwenye mfuko, mikono natakasa kabla ya kugusa kitasa. Gari lenyewe nilifuta mara moja kwa siku. Mikono ikiwa misafi, usukani hauna pa kuchafukia.

Jibu la 4
Wenye watoto: mikanda ya kiti cha mtoto msiiguse na blichi wala spiriti, nyuzi zinaweza kudhoofika bila wewe kuona. Sabuni laini na maji, anika kivulini. Mimi niliiloweka usiku kucha, ikabidi ninunue kiti kipya.

Jibu la 5
Na kote huko tulikuwa tunafukuza kivuli. Aprili 2021 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ikasema kugusa sehemu yenye kirusi, kwa ujumla, uwezekano wa kuambukizwa ni chini ya 1 kwa 10,000. Ugonjwa ulikuwa kwenye pumzi. Mimi nilifuta dashibodi kila siku, halafu nikapakia watu wanne, vioo juu, barakoa kidevuni.

Jibu la 6
Barakoa kidevuni 😂 umenikumbusha mbali.

Mwanzisha uzi
Nimesoma yote, asanteni. Yule mnunuzi kapiga simu leo, kauliza tena habari ya usukani. Nimemwambia ni blichi. Hajaamini.