Panzer II ya karatasi (1:25): ngozi haifiki nyuma ya kiunzi

Mkunjo25
Wakuu, habari. Natengeneza Panzer II Ausf. C (kifaru cha Kijerumani, toleo la C) ya karatasi, kipimo 1:25. Kiunzi cha bodi nimekichapa, nikakibandika kwenye kadibodi ya milimita 1 kwa gundi nyeupe, nikakata na kuchomeka. Sasa nikiivalisha ngozi (karatasi ya nje iliyochapwa), inapungua kama milimita 1 nyuma, na viungo vya kiunzi vinabana hadi kadibodi inapinda. Niongezee ngozi kipande? Halafu magurudumu yanatoka na pembepembe. Na minyororo: ukanda mmoja au pingili mojamoja? Printa ni ya wino.

Fundi_Kadibodi
Ngozi usiiguse, mkuu. Shida ni gundi. Gundi nyeupe ina maji, na karatasi ikilowa hutanuka, zaidi kwa upande unaokingama na nyuzi zake. Inakaukia kwenye kadibodi ikiwa imeshatanuka, kwa hiyo kiunzi kinazidi mchoro, wakati ngozi imebaki ilivyochapwa. Kifaru chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 4.81, yaani milimita 192 kwa 1:25. Nusu asilimia tu ya hapo ndiyo hiyo milimita yako.

Viungo kubana ni hesabu nyingine. Kadibodi ni milimita 1, karatasi ya gramu 160 inaongeza karibu 0.2, na huenda nafasi za kuchomekea zimechorwa kwa milimita 1 kamili.

Bandika msasa namba 240 kwenye ubao mdogo ulionyooka, upunguze kingo za kiunzi kidogokidogo huku ukijaribisha ngozi bila gundi. Nafasi zipanue kwa kunyoa ukuta mmoja tu, hadi kiungo kiingie kwa kusukumwa na kidole. Vipande vilivyobaki tumia gundi ya kijiti, uvilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na printa iwe asilimia 100, isijipunguzie ukurasa.

Pingili
Magurudumu makubwa ni matano kila upande, kipenyo milimita 22. Usijaribu kuzungusha kisu mara moja. Kata kwanza pembe nane nje ya mstari, kisha nyoa kila pembe, na kinachogeuka kiwe karatasi, mkono wa kisu utulie. Lowesha ukingo kwa supagluu, ikikauka chomeka kijiti cha meno katikati na uzungushe gurudumu juu ya msasa. Bila supagluu ukingo unachanika nyuzi badala ya kulainika.

Kufunga: laza kioo mezani, weka bodi juu ya vipande vya kadibodi vyenye kimo kinachotakiwa, gundisha la kwanza na la tano, ndipo yale matatu ya kati yaguse kioo. Gurudumu moja likielea, mnyororo utalitangaza.

Minyororo ina upana wa milimita 12. Kwa mara ya kwanza ukanda unatosha, ila usibandike tabaka mbili zikiwa zimelala. Ya nje inazunguka njia ndefu zaidi: zikiachana nusu milimita, inahitaji karibu milimita 3 zaidi kwa mzunguko mzima. Ukizigundisha bapa, ya ndani itajikunja makunyanzi kwenye gurudumu la meno la mbele. Gundisha ya ndani kwanza ikiwa imeshazunguka magurudumu, kisha ya nje juu yake, uikate mwisho inapokutana.

Kijivu
Naongezea rangi. Wino wa printa hukimbia ukiguswa na gundi, kwa hiyo pulizia kurasa vanishi isiyong'aa mara mbili, nyepesi, kabla ya kukata. Kingo nyeupe zipake rangi ya maji kabla ya kugundisha. Ukisubiri baadaye, brashi haifiki kwenye kona. Changanya rangi na uijaribu kwenye mabaki ya ukurasa uleule, maana kijivu cha printa mara nyingi huelekea bluu.

Angalia pia pua ya bodi kwenye mchoro wako. Ausf. C ilianza na pua ya mviringo, bamba za kuongezea zenye pembe zikaja baada ya vita vya Poland vya 1939. Kama ni ya mviringo, usikwaruze mistari ya kukunjia: vuta karatasi juu ya penseli mpaka ishike mpindo yenyewe, ndipo uigundishe kuanzia katikati kwenda pembeni. Na tureti (mnara wa mzinga) isikae katikati kabisa, imesogea kidogo kushoto. Wengi hudhani mchoro umekosewa wakairekebisha, halafu vipande vya paa havikutani tena.