Kundi la Nyumba ya Mkomani: simu ya kidakani

Fauz: Assalaam aleikum nyote. Fundi wa lipu ameingia ukumbini leo na amefika kwenye kidaka cha ukutani chenye ile simu ya zamani ya waya. [picha] Anauliza huu waya unaopanda hadi dirishani aufukie ndani ya chokaa au aung'oe? Chokaa imeshachanganywa, nataka jibu kabla ya adhuhuri

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam. Subhanallah, bado ipo! Na kitambaa nilichokifuma mimi nikiwa darasa la saba bado kimeifunika 😂

Amu Athman: Ng'oa. Ilipolia mara ya mwisho Fauz hajaanza shule

Fauz: Mimi sijawahi kuisikia ikilia Amu. Nilidhani ni pambo tu, kama zile sahani

Amu Swaleh: Usikate chochote. Bibi amesemaje?

Fauz: Amesema fundi akiigusa simu yake kesho asirudi, na chai yeo hapati

Amu Athman: Simu gani, haina hata toni! Kaka Swaleh wewe ndiye mtu wa simu, mwambie mama

Amu Swaleh: Toni ilikwenda na chumvi. Shaba na upepo wa bahari havipatani, huota ukijani kisha ikakatika yenyewe. Ilianza kukoroma kila ikinyesha mvua, unasikia mazungumzo ya nyumba nyingine mle ndani, halafu ikanyamaza. Niliwaomba mafundi waje, na mimi mwenzao wa miaka mingi, hawakuja. Siwalaumu sana. Waya wa mtaa mzima ulikuwa umeoza, nani angechimbua vichochoro vyote kwa ajili ya nyumba tatu?

Amu Athman: Basi nitajie nyumba moja Lamu nzima yenye simu ya waya inayofanya kazi. Nyumba, si hoteli wala afisi

Shangazi Zuhura: Hata huku Malindi ni hoteli na afisi tu. Mimi nilikuwa na ile ya mezani isiyo na waya, yenye kijiti cha antena, kila mtu alikuwa nayo wakati ule. Nikiishika naona kama nimechukua simu ya mkono nikaifunga jiwe. Ikafa nayo

Amu Athman: Tatizo ni kuwa nchi hii haikuwahi kuwa nazo. Laini za waya hazikufikia nusu milioni Kenya nzima hata enzi zake nzuri. 2000 simu za mkono zikaanza kuuzwa kwa kila mtu, 2007 ikaja M-Pesa, mchezo ukaisha. Huwezi kutuma pesa kwa simu ya kidakani

Amu Swaleh: Hilo kweli. Kupata laini ilikuwa unajaza fomu unangoja miaka. Marehemu baba aliipata haraka kwa kuwa mimi niko Posta na Simu, na watu wakasema. Walisema sana. Kisha 1999 shirika likagawanywa, barua huku, simu kule, na sisi wa nguzo na waya tukaanza kuhesabiwa kama mzigo

Dada Nasra (Leicester): Salaam kwenu jamani, nimeamka sasa. Mnacheka lakini huku nako wanazizima. Simu za zamani za waya Uingereza nzima mwisho Januari 2027. Ilikuwa iwe Desemba 2025 wakasogeza mbele

Shangazi Zuhura: Uingereza?? Si wao waliotuletea

Dada Nasra (Leicester): Wamesogeza kwa ajili ya wazee shangazi. Mimi ndio kazi yangu hii, nahudumia wazee majumbani. Mzee anavaa kidude shingoni, akianguka anabonyeza, na kidude kile wengi kimeunganishwa na simu ya waya. Ukibadilisha laini bila kuangalia, mzee anabonyeza na hakuna anayesikia. Na simu mpya zinapita kwenye kisanduku cha intaneti, umeme ukipotea nayo imekwenda. Kwa mtu asiye na njia nyingine kampuni inatakiwa impe kitu cha kumwezesha kupiga simu ya dharura angalau saa moja

Amu Swaleh: SAA MOJA 😂😂 Hapa stima ilikuwa ikipotea tangu Ijumaa hadi Jumapili na simu inalia. Sikilizeni niwape siri ya zile. Simu ya waya haikuwa na haja ya stima ya nyumbani kwako. Nguvu yake ilitoka huko huko kwenye mtambo wa simu, volti 48, ikija na waya ule ule wa sauti. Na kwenye mtambo kuna chumba kizima cha mabetri makubwa, na nyuma ya mabetri kuna jenereta. Kiza totoro, mji mzima vibatari, unainua mkonga, toni hiyo

Shangazi Zuhura: Ndivyo tulivyopata habari ya msiba wa Maskati. Kiza, mimi nashika kibatari, baba anapokea. Alisema "inna lillahi" mara moja tu akakaa chini. Kufika alfajiri daka la mlangoni limejaa watu, wameisikia simu ikilia usiku wakajua si kheri

Dada Nasra (Leicester): 😔 Allah amrehemu

Fauz: Bibi ametuma sauti, anasema niiandike asije Amu Athman akasema hakusikia:

"Athmani mwanangu. Mimi najua simu haisemi, mato ninayo. Lakini yana nilikaa humu ndani tangu asubuhi na hakuna aliyenipigia. Zuhura anasema kapiga. Kampigia Fauz. Fauz yuko Shela na simu mfukoni, mimi niko Mkomani. Zamani mtu akitaka nyumba hii alipiga nyumba hii. Aliyekuwa karibu akainua. Yeo kila mtu ana simu na nyumba haina. Sasa fundi atie chokaa pembeni, simu ikae."

Shangazi Zuhura: Wallahi nilipiga mara sita 🙈

Fauz: Nilikuwa kwenye mashua shangazi. Na ile simu yake ndogo huiweka chini ya mto imezimwa, ati isimalize chaji

Aunti Rukia: Mama kasema kweli lakini. Mimi nikitaka kujua nyumbani kuna nini lazima niwaze kwanza nimpigie nani

Amu Athman: Mnasahau kitu kimoja. Simu hiyo ya nyumba ilikuwa na KUFULI. Nyumba gani hiyo inayofungiwa kufuli 😂

Dada Nasra (Leicester): Kufuli vipi?

Amu Swaleh: Kijikufuli kama cha sanduku, kinaingia kwenye tundu la kile kiduara cha kuzungushia. Kidole hakizunguki. Unapokea tu, hupigi. Ufunguo marehemu alikuwa nao kwenye kikoi

Amu Athman: Na mimi nilikuwa napiga bila ufunguo 😎

Shangazi Zuhura: Muongo

Amu Athman: Haki ya Mungu. Si unaona pale mkonga unapolalia, kuna vidude viwili vinaingia ndani? Unavigonga. Namba tatu unagonga mara tatu haraka, unatulia, namba ya pili unagonga tena. Kiduara kile kazi yake ni hiyo hiyo, kukata na kuunga waya kwa hesabu. Kaka Swaleh ndiye aliyenionyesha akijisifu

Amu Swaleh: Ngoja ngoja ngoja

Amu Swaleh: Athman ile bili ilikuwa WEWE?

Shangazi Zuhura: Ile bili 😳

Amu Swaleh: Baba aliacha kusema na mimi miezi mitatu! Alisema hakuna mwingine humu ndani anayejua ufundi ule. Mimi nikaenda afisini nikagombana na wenzangu, nikawaambia mita yao mbovu. Wakanifungulia mita wakaipima mbele yangu, nzima. Niliaibika mbele ya mkubwa wangu Athman!! Na laini ikakatwa, nikalipa mimi kwa mshahara wangu kurudishiwa

Amu Athman: Kaka nisamehe, nilikuwa mtoto wa miaka 17. Na ilikuwa kwa kheri, nilikuwa nampigia Rukia kwao Langoni, mji huu huu. Si tumeoana? Hiyo bili ndiyo mahari 😂❤️

Dada Nasra (Leicester): Awww jamani

Fauz: Nimemsomea Bibi. Amecheka mpaka amekohoa. Anasema:

"Kumbe! Nilikuwa nikisikia usiku ko ko ko ko, nikamwambia marehemu kuna panya kidakani. Nikahesabu, kumi. Anatulia panya, ko moya. Anatulia, ko moya. Nikatega mtego wiki nzima haunasi."

Shangazi Zuhura: Panya mwenye hesabu 😂😂😂 nalia huku dukani wateja wananitazama

Amu Swaleh: Kumi, moja, moja?

Amu Swaleh: Fauz muulize mama tena. Ana hakika ilianza na kumi?

Fauz: Anasema kumi, kila usiku. Ndiyo maana alijua ni panya mmoja

Amu Swaleh: Athman. Namba za Lamu zama zile zote zilianza tatu tatu. Mtu wa kumpigia Langoni anagonga mara tatu, anatulia, mara tatu. Kumi ni sifuri. Sifuri ni kutoka nje ya mji

Amu Swaleh: Sifuri moja moja ilikuwa Mombasa

Dada Nasra (Leicester): 👀

Amu Swaleh: Na nilijiuliza miaka yote hii. Bili zenyewe hazikuandika uliyempigia, ni yuniti tu, lakini yuniti za ndani ya mji hazipandi vile. Za mbali ndizo zinazokimbia

Amu Athman: Mama ana miaka 84 jamani, panya wa zamani atawahesabu vipi

Aunti Rukia: Mimi nina swali moja tu

Aunti Rukia: Kwetu hakukuwa na simu

Amu Athman: Nilipiga kwa jirani yenu wakaja kukuita mke wangu, umesahau

Aunti Rukia: Jirani gani? Mtaani kwetu simu ilikuwa dukani tu na duka lilifungwa magharibi. Panya wa mama alikuwa wa usiku

Shangazi Zuhura: Mimi natoka nikahudumie wateja 🏃🏾‍♀️ Ila Fauz, hapa mjini nimeziona simu za mezani za kutia laini kama ya simu ya mkono, namba kubwa kubwa. Namnunulia Bibi moja ikae kidakani hapo hapo, isitoke nyumbani. Ile ya zamani isogezwe tu kando

Fauz: Bibi anauliza italiaje? Hataki iimbe. Anataka krrrring

Shangazi Zuhura: Nitawaambia dukani waipige niisikie kwanza. Na salio tuchange, Athman aanze yeye, ana deni

Amu Swaleh: Waya wa nje kata Fauz, umekufa. Wa ndani na simu viache, fundi apite pembeni

Fauz: Sawa Amu. Amu Athman umekubali? Naona unaandika muda mrefu

Fauz: Ameacha kuandika

Fauz: Anaandika tena. Fundi anauliza aendelee au angoje

Aunti Rukia: Mwambie angoje