Daftari la tafakuri wakati wa BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni): liandikwe vipi lisiishie kwenye "kipindi kilienda vizuri"?

chaki_nyeupe

Habari za jioni wakuu. Wiki ijayo tunaingia BTP, wiki 8, shule ya msingi, nimepangiwa Hisabati Darasa la Tano. Chuo kinataka kila mmoja awe na daftari la tafakuri, mbali na andalio la somo. Maelekezo ni karatasi moja yenye hatua sita za tafakuri za Gibbs, basi. Madaftari ya waliotutangulia ukiyafungua, kila siku ni "kipindi kilienda vizuri, wanafunzi walishiriki kikamilifu, kesho nitaboresha zana". Hiyo si ndiyo ile ile ya "Maoni" kwenye andalio? Naomba kujua: naandika nini hasa, kiasi gani, muda gani, na siku yenye vipindi vinne naandika vyote?

mkufunzi_wa_zamu

Karibu sana. Tathmini ya kwenye andalio inajibu kama lengo la kipindi limefikiwa. Daftari linajibu kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda na utabadilisha nini. Na kama andalio lenu lina hatua ya "tafakuri", hiyo ni ya wanafunzi, usiihamishie huku.

Usiandike vipindi vyote vinne. Chagua tukio moja la siku, lile lililokwenda tofauti na ulivyopanga, liwe zuri au baya. Kengele ikilia, andika maneno matano sita ya kukumbushia nyuma ya andalio. Jioni kaa dakika 15 hadi 20 uyapanue. Ukilimbikiza hadi Ijumaa utaandika kile ambacho huwa kinatokea, si kilichotokea Jumanne.

Tumia kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto weka ulichoona na kusikia tu. Maneno kama "hawakuelewa", "wavivu", "walifurahia somo" yasikanyage upande huo, maana kuelewa hakuonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mtoto alichoandika au alichosema. Kulia weka maana yake na hatua ya kesho. Mfano:

*Kushoto:* Zoezi: 1/2 + 1/3. Nimeangalia daftari 10. Sita wameandika 2/5, watatu 5/6, mmoja hajaandika kitu. Mfano wa ubaoni ulikuwa 1/5 + 2/5.

*Kulia:* Sita wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Mfano wangu ulikuwa na asili zinazolingana, kwa hiyo ubaoni hapakuwa na chochote cha kuonyesha kinachofanyika asili zikitofautiana. Pia hao sita hawakushtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 waliyoanza nayo. Inaelekea wanaona namba mbili zilizopandana, hawaoni sehemu ya kitu. Kesho, dakika 10 za kwanza: kila dawati ukanda wa karatasi wa sm 12. Nusu ni sm 6, theluthi sm 4, jumla sm 10, yaani 10/12 au 5/6. Kisha wapime 2/5 ya ukanda huo huo, ambayo haifiki hata sm 5. Kipimo: maswali mawili mwisho wa kipindi, daftari zile zile 10.

Hayo ni maneno mia moja na kitu tu. Inatosha kabisa.

kona_ya_walimu

Nakubaliana na mkufunzi, ila hapo kwenye daftari 10 kuna mtego. Ukichukua zilizo juu ya rundo umepata waliokusanya mwisho. Ukichukua za chini umepata wenye kasi. Vyovyote vile picha imepinda. Chukua mbili mbili kutoka kila safu ya madawati, kabla hazijakusanywa.

Kuhusu Gibbs (1988): maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa utekelezaji. Ni mpangilio mzuri, lakini kila siku ni mzigo. Kufika wiki ya pili watu wanajaza visanduku: kwenye hisia "nilijisikia vizuri", kwenye tathmini na uchambuzi sentensi ile ile mara mbili. Kwa siku za kawaida tumia maswali matatu ya Borton (1970), kwa Kiswahili chetu: kimetokea nini, kina maana gani, sasa nifanye nini. Gibbs mbebe mara moja kwa wiki, kwa tukio zito kuliko yote.

Na hisia msizidharau, zina kazi yake. Andika ni dakika ipi ulianza kuharakisha au kupandisha sauti. Mara nyingi ndipo andalio lilipokatika: labda zoezi la dakika 5 lilihitaji 15, au swali la mtoto lilikukuta hujajiandaa.

chaki_nyeupe

Asanteni sana, ule mfano wa kushoto na kulia umenifungua macho. Mawili bado. Msimamizi atalisoma na kulitolea alama, sasa nikiandika mapungufu sijichongei? Na kaunta buku la kwaya ngapi?

mkufunzi_wa_zamu

Siku 40 kwa kurasa mbili ni 80. Ongeza kurasa mbili za kila mwisho wa wiki, 16, jumla 96. Kwaya 1 ina kurasa 96, itabana hadi jalada. Nunua kwaya 2 usiwe na wasiwasi.

Kuhusu alama: msimamizi makini hatafuti mwalimu asiyekosea, anaangalia kama sababu uliyoitoa inaendana na ulichokiona, na kama kesho yake ulifanya ulichosema. (Wapo pia wanaopima kwa idadi ya kurasa. Hao hatuna dawa yao.) Mambo yako binafsi kabisa, kama ugomvi na mwenzako wa ofisini, yaweke kwenye daftari jingine.

Majina ya watoto usiyaandike. Tumia alama, mfano M3 kwa mtoto wa safu ya tatu, na orodha ya nani ni nani ikae nyumbani. Daftari hilo linapita mikononi mwa watu wengi, na tangu 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Habari za ugonjwa au za nyumbani kwa mtoto zisiingie humo kabisa. Hizo unampelekea mwalimu wa malezi.

bi_mkubwa_mstaafu

Mwanangu, wenzangu wamekueleza kuandika, mimi naongeza kusoma, maana daftari lisilosomwa na mwenyewe ni kazi bure. Ijumaa kabla hujafungua ukurasa mpya, rudia tano za wiki ukiwa na kalamu nyekundu. Kila mahali ulipoandika "kesho nitafanya", weka alama ya vema kama ulifanya, X kama hukufanya, na duara kama ulifanya ila tatizo likabaki pale pale. X zikiwa nyingi, ahadi zako ni kubwa mno. "Nitaongeza ushirikishwaji" hakuna anayeweza kuihakiki. "Nitauliza swali, nitahesabu kimoyomoyo hadi tano ndipo nichague wa kujibu" inahakikika.

Duara ndizo za kuzitazama kwa makini. Maana yake sababu uliyoiandika kulia huenda siyo. Hapo usikae na daftari peke yako: mwite mtoto mmoja aliyekosa, mpe swali lile lile, mwambie akueleze anavyofanya huku anafanya. Usimsahihishe mpaka amalize. Alichosema kiandike kushoto kwa maneno yake, hata kama Kiswahili chake kimevunjika.