Naomba ushauri: dada yangu ametoka kwa mumewe, lakini hajatulia

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, Ngamiani. Dada yangu karudi kwa mama, mwezi wa tatu huu, baada ya miaka sita ya kipigo. Majeraha yamepona. Kilichobaki ndicho kinachonitisha: usiku halali, pikipiki ikisimama nje anakimbilia chooni kujifungia, mikono inatetemeka hata kumimina chai. Na huyu ndiye aliyekuwa akisuka ukili huku anapiga soga! Juzi kasema, "Bora nisingeamka." Tangu hapo nalala naye chumba kimoja.

Shangazi anadai ni jini. Mama anamwambia arudi, ndoa ni stara. (Stara gani ya kuvunjwa taya?) Najua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ila akisikia tu neno polisi, anafunga mdomo siku nzima.

Nianze na daktari wa afya ya akili pale hospitali ya Bombo, au dawati kwanza? Mama naye nimwingieje? Na waliopitia haya, usingizi uliwarudia vipi?