Kakata mti, kamwaga lami, AC zake zinanipulizia dirishani, halafu ananiambia "KANUNUE FENI"!!!

Wakuu naandika mikono inatetemeka, hata nusu saa haijaisha. Simtaji jina, mnamjua, ni jirani yangu yule yule.

Uani kwake kulikuwa na mti, kivuli chake kinafika mpaka kwangu. Kaukata mpaka shina, eti majani yanachafua. Nyasi kang'oa, kamwaga lami nyeusi tii kama uwanja wa ndege, ya kuegesha gari moja. MOJA. Kisha kafunga AC tatu na maboksi yote ya nje yanatazama dirisha la chumba anacholala mama yangu. Leo nimemfuata kistaarabu, "jirani naomba tuongee", jasho linaniingia machoni, akanitazama juu mpaka chini akasema "joto linaletwa na jua, mimi sina mkataba na jua. Kanunue feni." Wageni wake wakaangua kicheko. Kanunue feni! Mbele za watu!

Nikarudi ndani nikachukua kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Saa nane mchana, lami yake digrii 62. Nyasi zangu, hatua nne tu kutoka pale, 36. Jua ni lile lile, sasa hiyo tofauti kaileta nani? Lami mpya inarudisha kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, iliyobaki yote inameza. Mti unavuta maji ardhini unayatoa kwenye majani kama mvuke, na maji hayageuki mvuke bure, yanakula joto. Lami inakula nini? Inashiba tu, usiku inatutapikia, saa nne usiku ukuta wa upande wake ukiugusa unatoa mkono mbio. Na AC haiui joto jamani, inalihamisha, inalitoa chumbani kwake inaongezea na la umeme wake inammwagia mama yangu. Kule Phoenix, Marekani, utafiti wa 2014 ulikadiria joto linalotolewa na AC peke yake linapandisha hewa ya usiku kwa zaidi ya digrii 1, na huo ni mji, sisi tunazo tatu mita mbili kutoka kitandani.

Wala si habari ya jana, Luke Howard, Mwingereza mmoja mchunguzi wa hali ya hewa, alipima London akakuta mji una joto kuliko mashamba ya pembeni, hasa usiku, akaanza kuchapisha 1818, AC hata hazijazaliwa. Chicago 1995 joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700, wengi wazee. Mama ana miaka 74. KANUNUE FENI!!!

Bati_la_Moto: Pole mkuu. Wa kwangu aliniambia "hamia milimani". Hawa watu wamezaliwa tumbo moja.

Mzee_wa_Hoja: Kwani feni umenunua au hujanunua?

Mleta uzi: Ninazo mbili! Feni inazungusha hewa ile ile ya moto! Na wewe ulikuwa kwenye wale wageni nini?

Hesabu_Kali: Mkuu hiyo 62 ni ya lami, si ya hewa, usichanganye. Hata satelaiti kama Landsat 8 zinapima uso namna hiyo hiyo, mchana namba zinatisha, hewa ya juu yake haifiki huko. Ukimpelekea 62 kama joto la hewa utachekwa mara ya pili.

Mleta uzi: Nimesema lami, soma vizuri. Mama ndala yake imenasa pale, imeacha alama mpaka sasa.

Dada_Ghorofa_ya_5: Wewe una nyasi hata kipande. Mimi nimezingirwa na maghorofa pande zote, joto la kuta likitaka kutoka usiku linakutana na ukuta mwingine, upepo haupiti, nalala na taulo lililolowa.

FundiSaiti: Jamani miti nayo ina kesi zake. Wa jirani yangu mizizi imepasua ukuta na choo juu.

Bati_la_Moto: Tumempata, mkata miti ndo huyu 😂😂

FundiSaiti: Mkata miti wapi, mimi nadai choo changu.

Mzee_wa_Hoja: Mleta uzi paka bati lako rangi nyeupe. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua, siyo utani. Halafu panda mti upande wako, mbona rahisi.

Mleta uzi: Bati nitapaka kesho. Ila mti uliokatwa ulikuwa mkubwa kuliko mimi kiumri, nipande leo mama apate kivuli lini? Na ile kauli yake nani ataifuta?

Usingizi_Sina: Bora nyie joto. Wangu ana jenereta, analiwasha saa tisa usiku, linakohoa mpaka alfajiri, moshi wote unaingia kwangu.

Dada_Ghorofa_ya_5: La silensa au lile la kupiga kelele?

Usingizi_Sina: Silensa ilishaanguka kitambo, ameifunga na waya.

FundiSaiti: Waya gani? Weka picha.

Mleta uzi: Wakuu uzi ni wa lami.

FundiSaiti: Subiri kidogo mkuu, hilo jenereta linaweza kuwasha moto. Picha iko wapi?

Usingizi_Sina: Naenda kupiga sasa hivi, kaliwasha tena.