MJADALA: Ndege ya kunyunyizia dawa ikifungwa mabomu, Kenya iliponea au ilikosa?

Mtoa mada

Wakuu, kuna jambo tulilipigia kelele mwaka 2017 halafu tukalisahau. Januari mwaka ule, Obama akiwa anafunga virago, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliidhinisha Kenya iuziwe ndege 12 aina ya Air Tractor AT-802L na nyingine 2 za mafunzo, AT-504, pamoja na silaha, vipuri na mafunzo. Makadirio yalikuwa dola milioni 418, karibu shilingi bilioni 43 za wakati huo. Kazi ingefanywa na kitengo cha kampuni ya L-3 kilichoko Waco, Texas. Mbunge mmoja wa North Carolina, Ted Budd, akaja juu: mbona kampuni ya IOMAX ya jimboni kwake, ambayo nayo huunda ndege za namna hiyo, imerukwa? Huku kwetu nako watu wakaanza kuuliza bei, serikali ikasema hakuna kilichotiwa saini. Basi dili likafa kimyakimya. Kambi yetu ya jeshi la anga ya Laikipia haikuona hata moja.

Mimi nasema tulikosa. AT-802 kwa asili ni ndege ya mashamba, inaundwa mji mdogo wa Olney, Texas, na tangi lake la dawa linachukua lita 3,000 hivi. Ukiling'oa unapata nafasi ya mafuta na mitambo. Rubani anazungushiwa mabamba ya kuzuia risasi, chini ya tumbo kunafungwa kamera inayoona joto, mabawani roketi na mabomu ya kuongozwa kwa leza. Inazunguka angani saa nyingi kwa gharama ambayo jeti haiwezi kuiota.

Sisi tulikuwa na nini? Jeti za F-5 za enzi za miaka ya 1970. Oktoba 2011 bomu liliangukia kambi ya wakimbizi wa ndani kule Jilib, Somalia. Madaktari Wasio na Mipaka wakapokea majeruhi zaidi ya 40, wengi watoto. Jeshi letu lilishikilia kwamba lililenga al-Shabaab. Niambieni, mtu anayepita juu kwa kasi ya jeti anaona nini? Ndege ya polepole yenye jicho zuri ingetazama kwanza.

Mkulima wa Samburu

Bilioni 43 kwa ndege ya kunyunyizia mahindi! Nzige walipoingia mwisho wa 2019 tuliwafukuza kwa kupiga sufuria na mabati, tunaambiwa ndege za dawa hazitoshi. Nchi hii bwana.

Fundi wa Wilson

Mkulima, nakuelewa, ila hesabu haiendi hivyo. Ukigawa 418 kwa ndege 14 unapata kama dola milioni 30 kila moja, na kweli bati lake na injini haviwezi kufika huko hata kwa mbali. Pesa iko kwenye kamera, mabomu, redio za siri, vipuri na walimu wa kukaa nanyi. Mei mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha helikopta 12 za MD 530F kwa makadirio ya dola milioni 253. Gawanya: milioni 21 kila moja, na ni kahelikopta kadogo. Hizo ndizo zilizokuja, za kwanza zikapokelewa Januari 2020. Kwa hiyo aliyedhani tumeokoa pesa apige mahesabu upya.

Uzuri wa AT-802 kwangu mimi ni injini. Inatumia PT6, ukoo uleule wa injini za Caravan, vile vindege vya abiria, tunazofungua kila wiki uwanjani Wilson, Nairobi. Sijawahi kuigusa AT-802 ya kivita, lakini za kunyunyizia nimezishughulikia. Zina gurudumu la mkiani, pua imeinuka juu, rubani akiwa chini haoni mbele kabisa. Anaiendesha kwa kupinda kushoto, kulia, kushoto, kama nyoka, achungulie pembeni. Hapo ndipo ujue ni ndege ya kiwanja cha vumbi, haitaki lami ya kilomita tatu.

Ubaya wake ni kwamba ni polepole na inalazimika kuzunguka. Machi 2016 Iraq ilipoteza Caravan moja iliyofungwa makombora ya Hellfire karibu na Hawija. ISIS waliitungua, watu watatu wote wakafa. Ukiwa na adui mwenye bunduki nzito juu ya pikapu, lazima upande juu, na ukipanda juu, lile jicho zuri la mtoa mada linapungukiwa.

Na hao Wamarekani wenyewe wamenunua. 2022 kikosi chao cha operesheni maalumu kiliichagua AT-802U, mpango wa ndege 75, mkataba wenye ukomo wa dola bilioni 3. Mwaka uliofuata wakaguzi wa bunge lao wakauliza: idadi hiyo mmeitoa wapi? 2025 wakaibatiza Skyraider II. Kwa hiyo huu si uchuuzi wa kuuzia Waafrika tu.

Kijana wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mnaongea kama jambo hili lilianza 2017. Wazee wetu huku waliishi na wapigania uhuru wa kila nchi, na ZANLA, wapiganaji wa Zimbabwe, walikuwa na kambi yao Mgagao, Iringa. Vijana waliotoka kule wakaingia Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, walikutana na ndege iliyoitwa Lynx. Ilikuwa Cessna 337 tu, ile yenye injini moja mbele na nyingine nyuma, ndege ya matajiri kwenda mapumzikoni. Vikwazo vilizuia Rhodesia kuuziwa ndege za kivita, basi mwaka 1976 wakaziingiza kwa kisingizio cha shughuli za uvuvi. Nchi isiyo na bahari! Zilipofika zikafungwa bunduki juu ya bawa, roketi, na moto wa kumwaga waliouita frantan.

Ninachosema ni kwamba ndege ya kiraia inapita forodhani kirahisi. Makaratasi yanasema shamba, yanasema samaki. Kifaru hakiwezi kudanganya hivyo.

Mtoa mada

Kijana, marahaba. Lakini Kenya ilipitia mlango wa mbele, tangazo liko wazi, bunge la Marekani limearifiwa. Huwezi kulinganisha na Ian Smith aliyetawala Rhodesia.

Mwanalamu

Mimi si mtaalamu, nasema kama mtu wa Lamu. Tangu operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab msituni Boni, ilipoanza Septemba 2015 tumejifunza kulala na mlio. Wa mchana tunaujua: Caravan za watalii zinatua Manda, abiria wanavuka kwa mashua, mwenye punda anangoja gatini. Ule wa usiku hauji wala hauendi. Upo tu juu, kama nzi ndani ya chupa, mpaka uchukuliwe na usingizi.

Sasa mtoa mada unatuambia hiyo kamera inaona joto. Sawa. Kule Basuba, Milimani, Mangai, kuna Waaweer, wale mnaowaita Waboni. Asali ndiyo chakula na ndiyo pesa. Mrina asali anaingia msituni na wenzake wawili watatu, anabeba shoka, kamba, dumu, na moto wa kufukizia nyuki. Niambie kutoka juu huko hao ni nani? Wanaume watatu, moto, chuma mkononi, ndani ya msitu ambao serikali imesema una magaidi. Tazama utakavyo, hata saa nne. Kutazama sana si kujua.

Yule wa F-5 anajua kwamba haoni. Huyu wako atadhani ameona.

Fundi wa Wilson

Hapo umenigusa. Ongeza na hili: 4 Mei 2020, Embraer 120 ya African Express, ndege ya Kenya, ilibeba vifaa vya Korona kwenda Berdale, Somalia. Askari wa Ethiopia waliokuwa chini wakaitungua, watu sita wakafa. Walijieleza kwamba waliidhani inakuja kujilipua. Haikuwa na silaha hata kisu. Sisi Wilson tunapeleka miraa, dawa, wafanyakazi wa misaada, zote kwa vindege vyenye pangaboi. Siku vindege vya sura hiyo vikianza kudondosha mabomu kule, mwenye bunduki chini ataulizia rangi ya mkia?

Mtoa mada

Hoja nzito, nakubali. AT-802 na Caravan hazifanani kwa fundi, ila kwa askari mwenye hofu zinafanana. Lakini mbadala ni upi? Droni za Kituruki? Mwaka 2022 kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit kule Tigray, Ethiopia, ilipigwa na droni, wakafa zaidi ya 50. Huko hakuna hata rubani wa kuona aibu. Na mkisema tusiwe na chochote, nawakumbusha Mpeketoni, huko Lamu, Juni 2014: watu zaidi ya 60 waliuawa mjini na vijiji jirani, na hakuna kilichowazuia wauaji. Au 5 Januari 2020, al-Shabaab waliposhambulia kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege za upelelezi palepale zilipoegeshwa.

Mwanalamu

Manda Bay ndiyo mfano wako? Ndege za kuona kila kitu zilikuwa pale pale, zimejaa, na watu wakaja kwa miguu kupitia kichakani.

Na Mpeketoni tulikosa mtu wa kuja barabarani, ndugu yangu. Simu zilipigwa.

Mimi sikatai ndege. Nauliza kitu kimoja ambacho katika kelele zote za 2017 sikukisikia, si kwa Budd wala kwa wabunge wetu. Ile kamera inarekodi. Mrina asali asiporudi nyumbani, mkewe aende ofisi gani aombe kuonyeshwa mkanda?

Mtoa mada

Sijui mkuu. Kwenye lile tangazo kulikuwa na orodha ya mabomu, vipuri na walimu. Hiyo ofisi haikuwamo.

Mkulima wa Samburu

Na mkizipata siku moja, lile tangi la dawa mtakalong'oa, msilitupe. Leteni huku.