Wakili kanikata asilimia 40 mpaka kwenye bima yangu mwenyewe niliyoilipia miaka sita. Wa Texas, hii ni halali?

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikisema litapita. Halijapita. Naandika na karatasi yenyewe iko hapa mezani. Houston huu ni mwaka wangu wa tisa, nabeba boksi kama wengi wetu, na sijawahi kugombana na mtu wa sheria hata siku moja. Leo nina hasira na nitasema yote.

Machi 2023, saa 11 alfajiri, natoka shifti ya usiku. Nimesimama taa nyekundu Bissonnet, karibu na unapopandia Southwest Freeway, mbele yangu lori la taka. Kijana mwenye pikapu akaja kwa nyuma bila hata kugusa breki, akanibamiza nikaingia kwenye lile lori. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika usukani, mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika sehemu mbili. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma na skrubu saba. Miezi minne sikuinua hata sufuria ya ugali, mke wangu ndiye alikuwa ananifunga vifungo vya shati.

Yule kijana alikuwa na bima ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa Texas: dola 30,000 kwa kila aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali hiyo, 25,000 kwa mali. Kiwango hicho ni kile kile tangu 2011. Bili ya hospitali peke yake ilikuja 41,600, na kazi niliyokuwa nafanya ilikuwa ya wakala, bima ya afya hakuna. Yaani hata kijana wa watu angetoa yote aliyonayo, hospitali ingemeza na bado ingenidai.

Lakini mimi nilikuwa nimejikinga, na hapa ndipo naomba mnisome taratibu. Siku nakata bima, yule dada wa kwenye ofisi aliniambia kwamba Texas kampuni inalazimika kukupa UIM, ile bima inayokulipa wewe pale aliyekugonga ana bima isiyotosha, na kama huitaki unaikataa kwa maandishi. PIP nayo, ile inayolipia matibabu yako mwenyewe ukiumia kwenye ajali, ni hivyo hivyo. Sikukataa hata moja. Nilichukua UIM ya 50,000 na PIP ya 2,500. Nikalipa kila mwezi miaka sita, hata miezi ile ambayo nyumbani kulikuwa na msiba na hela yote imeenda Kigoma. Ile ni hela yangu. Sikuiomba kwa mtu.

Wakili nilimpata kwa jamaa wa kanisani. Simlaumu jamaa, alikuwa na nia njema. Msaidizi wa wakili akaja hospitali na mkataba uko kwenye simu. Mkono wa kulia una hogo, nikasaini kwa kidole cha mkono wa kushoto, mstari umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Dakika tatu hazikufika. Aliniambia kwa mdomo, "Hutoi hata senti, sisi tunalipwa tukishinda, theluthi moja." Theluthi moja nilielewa. Ambacho hakukisoma ni mstari wa chini yake: kesi ikishafunguliwa mahakamani inakuwa asilimia 40 ya fedha zote zitakazopatikana. Zote.

Najua kuna watakaokuja kuniambia ungesoma mkataba. Sawa, ningesoma. Ila nilikuwa na dawa za maumivu mwilini na mfupa uliokuwa haujakaa sawa, na yeye alikuwa anajua hivyo alipokuwa ananishikia simu.

PIP ilikuja ya kwanza. PIP haina ubishi, haiulizi nani mwenye kosa. Unajaza fomu, unaambatanisha bili, wanalipa. Msaidizi alijaza fomu ya kurasa mbili na wakili akachukua theluthi, dola 833. Kwa fomu! Mimi mwenyewe ningeijaza kwa mkono wa kushoto.

Bima ya yule kijana ikakubali kutoa 30,000 zake zote mwezi wa 9. Hakukuwa na mvutano, kosa lilikuwa wazi na picha zilikuwepo. Tukasubiri miezi miwili kampuni yangu ya bima itoe kibali kwa maandishi, kwa sababu ukichukua hela ya aliyekugonga bila kampuni yako kuridhia, inaweza kuja kukubishia UIM yako. Hilo wakili alilifanya vizuri na namshukuru. Novemba 2023 hela ikaingia kwenye akaunti ya amana ya ofisi yake, ile wanayotunzia hela za wateja. Nikauliza nitapata lini changu. Nikaambiwa tulia, hospitali imeweka zuio kwenye fidia, yaani deni lao litoke humo kwanza, tunaongea nao wapunguze. Nikatulia. Ile hela ilikaa pale karibu miaka miwili.

Sasa UIM. Nilidhani hapa tumefika nyumbani, maana hii ni kampuni yangu, mimi ni mteja wao. Wakaja na ofa ya 9,000. Nilipigwa na butwaa. Kumbe Texas kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo ya mwaka 2006, kesi ya Brainard, inayosema kampuni yako haidaiwi UIM mpaka mahakama iamue kwamba yule mwingine ndiye mkosaji na hasara yako ni kiasi gani. Yaani wanaweza kukaa wamekunja mikono wakisema nenda mahakamani kwanza. Kwa hiyo kufungua kesi kwenye UIM hapa Texas si jambo la ajabu linalotokea mara moja moja. Wakili wa ajali yeyote wa Houston analijua siku ya kwanza anapoona bili yako ni kubwa na bima ya mwenzako ni ndogo. Ile "theluthi moja" niliyotajiwa kitandani, aliyeitaja alijua kwamba kwa kesi kama yangu haitakaa theluthi.

Aprili 2024 kesi ikafunguliwa. Nikahojiwa chini ya kiapo saa nne na wakili wa kampuni yangu mwenyewe, ananiuliza kama niliwahi kucheza mpira nikaumia mkono utotoni. Agosti 2025 tukakaa na mpatanishi, siku moja, wakafika 38,000. Nikakubali kwa sababu nimechoka.

Hii ndiyo karatasi. Jumla iliyopatikana 68,000. Ada ya wakili asilimia 40 ya yote, 27,200. Gharama 3,900, humo ndani kuna mpatanishi 1,250, rekodi za hospitali 418, na kitu kinaitwa kufungua faili, 250. Hospitali baada ya kupunguza 19,000. Mazoezi ya viungo 6,000. Mteja: 11,900.

Mke wangu aliisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye 27,200 akauliza, "Huyu naye alivunjika?"

Mshahara niliopoteza ile miezi minne tu unakaribia 10,000. Kiganja hadi leo hakigeuki vizuri, nikishika ufunguo wa mlango nauzungusha kwa bega.

Sisemi wakili asilipwe. Kwenye 38,000 alifanya kazi, aliitoa kwenye 9,000 akaifikisha pale, alipwe asilimia 40 ya hiyo kama mkataba unavyosema. Ninachokataa ni zile 30,000. Zilikuja kabla ya kesi, bila kesi, kwa barua. Zilipoingia tulikuwa kwenye theluthi, ada yake ilikuwa 10,000. Kwa sababu walizishikilia kwenye akaunti hadi kesi ikafunguliwa kwa kampuni nyingine kabisa, leo ada yake kwenye hela ile ile imekuwa 12,000. Dola 2,000 zimeongezeka juu ya hela iliyokuwa imelala. Hiyo ni kodi yangu ya mwezi na nusu. Na zile 833 za fomu ya PIP nazo nazidai.

Halafu nimegundua kitu kinachoniuma zaidi. Fidia ya kuumia kazini hapa hapa Texas, sheria imeweka kikomo, wakili hazidi asilimia 25. Wamejua mfanyakazi aliyeumia anahitaji kulindwa. Mimi niliyeumia nikitoka kazini, dakika kumi kutoka getini, ninayefuata bima niliyoinunua kwa jasho langu, sina kikomo chochote. Ni mkataba tu na kidole changu cha kushoto.

Nimekataa kusaini. Nimewaandikia barua pepe kwamba nabishia 2,833, na kwamba kanuni za mawakili zinataka sehemu yenye ubishi ikae kwenye akaunti ya amana mpaka tumalizane, ila isiyo na ubishi nilipwe sasa. Jibu lililokuja ni la msaidizi, mistari miwili: kila mtu anasaini hii, ukichelewa unajichelewesha mwenyewe. Wakili mwenyewe sijamsikia sauti tangu siku ya upatanishi.

Chama cha mawakili cha jimbo kina kitengo cha kusikiliza ugomvi wa mteja na wakili wake, nimeshawapigia na wananitumia fomu. Hapa Houston kuna pia kamati ya migogoro ya ada. Naomba aliyewahi kupita kwenye kamati hiyo aniambie: ilichukua muda gani, na wakili analazimika kufika au anaweza kukataa? Na kama kuna aliyepunguziwa ada kwenye PIP, aandike hapa alisema nini wakamwelewa. Ijumaa saa 4 asubuhi wananisubiri ofisini nisaini. Nitaenda, lakini na kalamu siendi nayo.